Kodi

Shangazi Truphosa aliponiuliza kazi yangu
nilimwambia, naandika kodi.
Akacheka hadi leso ikamlegea kiunoni:
"Wewe? Wewe unayedaiwa?"
Tangu siku hiyo, katika vikao vya ukoo,
mimi ni karani wa mwenye nyumba.

Huu ni mwezi wa nane.
Walitupunguza ishirini na wawili, Ijumaa moja,
kwa mkutano wa dakika kumi na moja,
meneja amezima kamera.
Kupunguza, alisema,
kama sukari kwenye chai.

Nimetuma maombi mia moja na arobaini.
Nayaweka kwenye jedwali, si kwa kujitesa,
ni mazoea: kisichohesabiwa hakirekebishwi.
Safu ya tatu ni Kimya.
Safu ya nne, Tunasikitika.
Tunasikitika huingia saa tisa usiku
kwa kuwa anayesikitika ni mashine,
nami najua ilivyoandikwa:
kama kuna jina, weka jina;
kama hakuna, weka Mpendwa Mwombaji.
Nalala nikisahihisha nukta zake.

Subira huvuta heri.
Yangu haijavuta hata mtandao.

Wanataka uzoefu wa miaka mitano
wa kitu kilichozaliwa juzi.
Mmoja alitaka nimjengee ukurasa mzima wa malipo,
"jaribio tu, ndugu,"
nikakesha siku nne, nikajenga.
Kimya.
Kisha nikaukuta umevaa rangi zao,
unapokea pesa za watu.
Nikaulipa shilingi kumi, kuupima.
Ulifanya kazi vizuri.

Jumanne ya mahojiano niliazima shati la Musembi, keateka,
yuleyule anayenigongea mlango kila tarehe tano.
Juu shati, chini kaptura na soksi mbili mbili,
maana Julai ya Mwiki haina huruma.
"Geuza orodha hii," ikasema sauti
kutoka nchi ambayo stima haiishi.
Nikaanza: wa mwisho awe wa kwanza,
wa kwanza awe
tokeni zikaisha.
Betri ya kompyuta yangu ilikufa mwaka jana.
Kwenye kioo cheusi nikabaki mimi,
kola imenyooka, mdomo wazi.

Chumba cha chini anaishi Bi Kemunto,
mweka hazina wa chama,
mwenye daftari la kurasa mia mbili
na upungufu wa shilingi mia sita
uliowanyima wanawake kumi na tisa salamu.
Nikamwandikia programu ndogo ya simu:
nani katoa, nani kachelewa, zamu ya nani.
Tukaingiza daftari lote, jioni tatu.
Ukurasa wa thelathini na moja,
saba ya mtu mwenye haraka
ilikuwa imesomwa moja.
Akanilipa mia nane
na fungu la chinsaga, tayari zimechambuliwa.
Sikuandika popote.
Jedwali langu halina safu ya chinsaga.

Leo, kabla ya saa kumi na mbili, simu ikalia.
Namba ngeni.
Nikaketi wima kitandani, nikasafisha koo,
nikavaa ile sauti ya mahojiano.
"Kijana," akasema mama mmoja, hasira tupu,
"hii kitu yako imekosea.
Imenihesabia mara mbili."

Kosa!
Kosa langu mwenyewe, la mkono wangu,
kwenye simu ya mtu nisiyemjua,
limemwamsha kabla ya jogoo.
Nikamuuliza ameipata wapi.
"Kwani hujui? Tuko nayo vyama vinne."

Nikamsihi asikate.
Nikapapasa miwani chini ya mto,
nikamwomba anisomee alichokiona,
polepole, namba kwa namba.
Mlangoni Musembi akabisha. Tarehe tano.
"Ngoja," nikamwitikia,
"naandika kodi."