Kumi na Nane kwa Mkaa

Banda letu la video hapa Kitangari
ni mabati yaliyokwishatumika na pazia la magunia,
magunia ya korosho, bado yana namba ya chama.
Kiingilio mia mbili. Siku ya mpira, mia tano.
Mlangoni nakaa mimi, Somoe, na kopo la sarafu.

Mwezi wa sita alikuja afisa na pikipiki,
ukungu umemlowesha hadi kope,
akasema kila filamu ina umri wake,
andikeni nje, watu wasome kabla ya kutoa hela.
Chaki hatuna. Nikachukua mkaa jikoni:
WOTE. NA MZAZI. KUMI NA NANE.

Hilo la katikati lilinishinda.
Msimu ukifika mzazi yumo mikoroshoni, mgongo umepinda;
msimu ukiisha yuko foleni ya maji na madumu yake.
Nani aje saa kumi jioni
kumziba mtoto macho damu inaporuka?
Alikuja mmoja, Bibi Nantende, na wajukuu wanne.
Alisinzia kabla jina la filamu halijapita.
Wajukuu wakamfunika kanga, wakatazama yote.

Siku ya mapanga akaja Bakiri.
"Una miaka mingapi?"
"Nimetoka jandoni."
"Sijauliza ulikotoka."
"Likumbi nimekaa mwezi mzima, sikulia.
Wakubwa wenyewe wamesema nisiitwe tena mtoto.
Mkaa wako umesema nini?"

Nikamtazama. Jino la mbele
ndio kwanza linachungulia.
Kwa mila, mtu mzima. Kwa ubao, bado.
Kwa fizi, bado sana.
Nikamrudisha, akazunguka nyuma,
na kila tundu la msumari likaota jicho.
Nilikuwa nimeyaziba kwa sabuni ya kipande.
Sabuni ilikuwa imeliwa, sijui na panya,
sijui na macho.

Jumamosi nikaandika WOTE, kwa herufi kubwa.
Filamu yenyewe haina hata kofi.
Mwanamume anasafiri, anapotea, anarudi,
begi begani, watoto wanamkimbilia getini,
na yule anayetafsiri kwa Kiswahili
ameijaza utani, banda zima linacheka,
mabati yanacheka.

Bakiri yuko mkekani, mbele kabisa.
Ameuma ukosi wa shati.
Baba yake alichukua malipo ya pili ya korosho
akapanda basi la Masasi kununua baiskeli.
Ni mwaka juzi.

Akatoka kabla taa haijawashwa.
"Somoe, ubao wako umekosea."
"Umekosea wapi?"
Hakusema wapi. Akauliza tu
yule mtu kwenye begi alibeba nini,
maana hawakuonyesha.

Sikujua. Nimeiona filamu ile mara sita,
sikuwahi kuliwaza begi.

Nikafungua kopo, nikamtolea mia mbili zake.
Akazitazama kiganjani mwangu
kama anayetazama kitu cha watoto.
"Mtu mzima harudishiwi," akasema,
akaenda zake upande wa stendi,
mikono nyuma, kama walivyofundishwa.

Mkaa ulibaki mkononi mwangu.
Niliusogeza kwenye ubao, nikaurudisha.
Ndani walikuwa bado wanacheka.