G.24, F.22

Mtafiti alinikodi kwa wiki mbili
nimbebee kinasa sauti na betri,
nimwonyeshe njia za Pongwe, Ngomeni, Muheza,
niandike majina kwa herufi kubwa.
Orodha yake ilikuwa na maneno mia:
jicho, jiwe, mbwa, mvua, kufa, maji.
Mkonge haukuwemo.
Wala deni.

Tukaanza na maji.
Bi Mkunde Semhando akasema mazi.
Mwanakombo, aliyeolewa huku kutoka Moa, akasema madzi,
akaicheka mazi ya jirani yake
kama kanga iliyovaliwa ndani nje.
Mzee Nandonde wa kambi namba nne alifikiri kwanza.
Medi, akasema, kisha akaomba ya kunywa
kwa Kiswahili.

"Na ninyi wawili," mtafiti akawauliza wanawake,
"mnaelewana?"
"Tunaelewana," akajibu Bi Mkunde,
"mpaka siku nikimdai hela ya mkaa.
Hapo anakuwa Mdigo kabisa, hasikii hata neno."
Mtafiti akaandika asilimia.
Sikuona ni ngapi.

Jioni akachora mti kwenye daftari,
shina juu, matawi chini,
kila tawi na kikaratasi chake:
Kinyamwezi F.22, Kibondei G.24,
Kiswahili G.42, tarakimu zilezile
zimepeana migongo.
Nikamwuliza ni lugha gani yenye namba moja.
Akacheka. Namba si cheo, akasema,
ni mahali pa kuwekwa tu, kama faili.

Mahali pa kuwekwa.
Nyumbani nikafungua sanduku la mama,
nikatoa kipande cha babu Mhoja,
aliyeletwa kwa mkataba kutoka Unyamwezi:
karatasi ngumu, rangi ya chai,
visanduku thelathini vya siku,
ishirini na saba vimepigwa alama,
na juu yake namba 7314.
Kabila limeandikwa, likafutwa, likaandikwa jingine.
Karani hakusikia vizuri, mama husema,
ama alisikia, akachoka.
Babu akawa Msukuma miaka kumi na tisa
kwa sababu ya kalamu.

Akamwoa Mbondei. Yeye aliomba minzi,
mke akamletea mazi,
na kiu ikakatika.
Mama akakua akiyaita yote mawili
kwa kata ileile.
Mimi nayaita maji.
Kwenye fomu ya mtafiti pana Lugha Mama:
mstari mmoja, mfupi, mwisho nukta.

Nilitaka kumwambia, mwalimu, njoo uone mkonge.
Hauna matawi. Hukaa miaka umefumba mdomo,
kisha hutoa mlingoti mmoja,
ukachanua mara moja, ukafa umesimama,
na miche yake hudondoka inakotaka,
hata katikati ya reli, ikashika.
Lakini alikuwa anahesabu betri,
na mimi nilikuwa sijalipwa.

Siku ya mwisho nikajaza fomu yangu.
Jina. Umri. Mahali: Pongwe, Tanga.
Lugha mama: 7314.
Akaisoma mara mbili, akauliza hiyo ni lahaja ya wapi.
Nikamjibu ilikuwa na msemaji mmoja,
amelala nyuma ya kiwanda,
na mimi naisikia tu,
kuijibu siwezi.