Lango Namba Saba

Ujumbe uliingia alfajiri, simu ikatetemeka juu ya kabati:
Funga lango namba saba. Msimu huu mpunga haulimwi.
Fidia italipwa kwa hekta.

Nikavaa viatu vya mpira, nikaenda, nikafunga.
Gurudumu la chuma lililia mara tatu
kama mtu anayekataa kwa adabu.

Mimi Fanchiang Wen-kuei, mgawa maji wa Hsinpu,
miaka thelathini na moja ya kupimia watu haki
na kupokea matusi yao.
Sasa maji yanatupita kando, ndani ya bomba,
hadi kiwanda kisicho na madirisha
wanakoosha mchanga uliogeuzwa kioo
mpaka usibaki na vumbi hata la pumzi.

Binti yangu Yueh-hung yumo humo,
nguo nyeupe utosini hadi kisiginoni, macho tu nje.
Akija nyumbani huvua viatu mbali na matope yangu.
Tunacheka. Si sana.

Chipu imekunywa fungu la chipukizi.

Jirani Peng alitumiwa fidia, akazitazama tarakimu,
akanunua mchele dukani kwa mara ya kwanza maishani.
Akaupika.
Akasema haunuki chochote.

Mpunga ukikobolewa ni mchele, ukipikwa ni wali;
kila mkono unaoupokea huupa jina.
Na mchanga?
Ukiwa ndani ya simu ni sauti ya mjukuu wangu aliye ng'ambo.
Ukiwa ndani ya kombora
sijui unaitwaje.

Usiku televisheni huonyesha manowari,
na mawaziri wa nchi nisizozijua
wakilitamka jina la kisiwa chetu kwa upole wa wadai.
Zamani hawakujua kama tupo.
"Ndiyo kinga yetu, Baba," asema Yueh-hung,
"nani atavunja chungu anachokunywea?"
Nami nimeona vyungu vingi
vikipasukia mikononi mwa wagombea kunywa.

Jana usiku nimerudi langoni, simu ikinimulikia.
Lango linavuja.
Uzi wa maji, mwembamba, hauna kelele,
na chura mmoja kashahamia.
Sheria ni kuripoti; kitufe kipo, chekundu.
Nimesimama, kidole juu ya kioo,
nikihesabu matone kama mwizi ahesabuye sarafu,

hadi kioo kikazima chenyewe.