Mahudhurio

Alifika saa mbili na robo, mvua bado ikiteleza kwenye lami,
kofia ya sufu rangi ya zambarau, viatu vya Jumapili siku ya Jumanne.
Nilimtambua kabla hajakunja mwavuli.
Nani hapa Tolliver, Mississippi, asimtambue Mwalimu Verlene Pettaway,
aliyetufundisha darasa la tatu sisi sote,
watoto wa pamba na watoto wa mabwawa ya kambare?

Mbele yake alisimama kijana wa kina Sprayberry.
Akanionyesha kibali cha bastola. Nikalinganisha picha na uso,
nikasema karibu, kibanda cha pili kushoto.
Haikupita dakika.

Kisha zamu yake. Akafungua pochi, akatoa leseni ya udereva
iliyokunjika pembe, mwanamke pichani angali na nywele nyeusi.
Ilikwisha muda miaka kumi na mitatu iliyopita,
mwaka ule macho yalipoanza kuingia ukungu, akauza gari,
akasema barabara ni ya wanaoiona.
Sheria inavumilia miaka kumi.

"Mwalimu, kipo kitambulisho kingine?"
Akatoa kadi ya kanisa. Akatoa bili ya umeme.
Akatoa na kadi ya maktaba, huwezi jua.
Kisha akaniuliza, "Dewitt, mimi ni nani?"

Nami namjua.
Namjua kwa harufu ya chaki na pipi za mnanaa,
kwa rula iliyogonga meza na haikumgusa mtoto,
kwa daftari la mahudhurio kila asubuhi,
jina, kituo, jina, kituo,
wala hakumdai mtu ushahidi wa kuwapo kwake.
Ulisema "nipo," ukawa upo.

Lakini kujua kwangu hakuna picha, hakuna muhuri.
Sheria ni msumeno, hukata huku na huku.
Mwaka wa sita huu nimeshika mpini,
kwa posho ndogo na mkate wa nyama mchana,
na unga wa mbao nauona ukianguka upande mmoja.

Baba yake, alipata kutusimulia,
alisimama mahakamani kofia mkononi
akatakiwa afafanue ibara ya katiba
kwa karani ambaye mwenyewe hakuisoma.
Alirudi mara tatu. Mara tatu alifeli
mtihani usiokuwa na majibu.
Mimi sikumtaka bintiye afafanue kitu. Niliomba kwa adabu.
Hiyo ndiyo tofauti, nikajiambia. Nikajiambia tena.

Nikampa kura ya kiapo, ile inayofungwa ndani ya bahasha.
Nikamweleza: siku tano za kazi,
afike mahakama ya kaunti, maili thelathini na mbili,
kadi ni bure, kupigwa picha bure.
Bure! Na basi halipo. Na mpwa wake yuko zamu ya mchana,
anachuna kambare kiwandani mpaka giza liingie.
"Nitaona," akasema,
kama tulivyokuwa tukimwambia sisi
kazi ya nyumbani tutaileta kesho.

Nikaandika jina lake juu ya bahasha.
Akaliinamia, pua nusura iguse karatasi,
akaichukua kalamu mkononi mwangu,
akaongeza t niliyoisahau.
"Herufi zako bado zinalala, Dewitt."

Jumatano nilimpigia simu. Alhamisi pia.
Ijumaa na Jumatatu nilikuwa kazini,
ghala la mbegu halimsubiri mtu.
Nalisema jinsi lilivyo.

Siku ya sita tukapitia orodha.
Bahasha yake ikapigwa muhuri mwekundu, haikufunguliwa.
Sheria nyingine inaagiza itunzwe miezi ishirini na miwili,
kabatini, mahali pakavu, chini ya kufuli.
Iko huko. Inatunzwa vizuri mno.
Ile t yake imesimama wima,
ya kwangu imeiegemea.