Wiki Kumi na Mbili

Mji huu jina lake maana yake ni mashua,
lakini Łódź haina pa kuelea:
mito yake imezikwa chini ya lami,
na maji taka ndiyo yanayojua njia.

Nilifika Novemba na barua ya chuo yenye mihuri miwili,
kofia ngumu ya kuazima,
na milinganyo ya mkondo wa maji niliyoifaulu kwa tano.
Bwana Zenon akaisoma barua, akaikunja,
akaisukuma chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.
"Silipwi," nikasema. "Ni sehemu ya masomo."
"Basi tusome," akasema, akanipa ufagio.

Wiki tatu nimefagia.
Daftarini niliandika: uchunguzi wa mazingira ya kazi.

Wiki ya nne akachomoa bisibisi ndefu,
ncha akaigusisha pampu namba sita,
mpini akaubandika mfupani, nyuma ya sikio.
Akafumba macho kama anayepokea salamu za mbali.
"Njoo."
Nikabandika. Kelele ni kelele.
"Sisikii kitu."
"Rudi kesho."

Kesho kelele. Keshokutwa kelele.
Januari, theluji imeng'ang'ania vioo,
ndani ya ngurumo ile nikasikia kitu kidogo kikisaga,
kama mtu anayetafuna mchanga kwa adabu.
"Sita inaumwa," nikasema.
Akaizima bila kuniuliza mara ya pili.
Beringi ilipotoka ilikuwa na kovu
jembamba kama ukucha wa kichanga.

Profesa Wilczek alikuja kwa dakika ishirini,
viatu vyake amevivika mifuko ya plastiki.
Fomu ilitaka stadi tatu, kila moja mstari mmoja.
Ilitaka alama, kuanzia mbili hadi tano.
Bwana Zenon akafikiri mpaka kahawa yake ikapoa.
"Nne."
"Mbona si tano?"
"Tano sijaipata mimi,
na huu mwaka wa thelathini na moja nimo humu."

Nimerudi bwenini. Mihadhara inaanza Jumatatu.
Usiku jokofu la jikoni linavuma, nami niko macho.
Nachukua mwiko, ncha kwenye bati,
mpini nyuma ya sikio.
Kuna kitu.

Namwamsha Otylia. Anakuja na blanketi lake,
nywele zimemfunika uso, anabandika.
"Sisikii kitu, Kalina."
"Rudi kesho."