Upande wa Nyundo

Kaizari hukaa chini.
Hilo walio sokoni hawalijui.
Uso wake umechongwa kinyume ndani ya fuawe,
umetulia humo kama jiwe la kisimani,
na nyundo yangu haimfikii ila kwa mwangwi.

Kalibu ya juu ndiyo inayokula pigo.
Mwaka ule kalibu ya juu ilikuwa yeye:
mwanamke chini ya rundo la ngao zilizotekwa,
mkono shavuni, goti juu,
nywele hazikufungwa.

Filomuso mchongaji hakuwahi kufika Danubi.
Aliambiwa: chonga nchi iliyoshindwa.
Akatazama huku na huku, akamwona Bendina
akifagia vumbi la fedha chini ya meza,
Bendina ambaye kila jioni hupimwa, ufagio na vyote,
asije akatoka na mali ya dola kwenye nywele.
"Kaa hapo," akamwambia. "Huzunika."
Bendina akakaa.
Hakuhuzunika. Alichoka tu.
Filomuso akasema haidhuru,
kwenye fedha ni kitu kimoja.

Basi nikampiga.
Sarafu hupigwa, na mtu hupigwa;
sisi wa karakana hatuna neno jingine.
Severo na koleo lake aweka kipande chekundu,
mimi nashusha, yeye aondoa,
weka, shusha, ondoa,
hata jua likahamia dirisha la pili.
Mwezi haujaandama, kalibu ikapasuka,
ufa toka paji la uso hadi kidole cha mguu.
Ikaletwa nyingine, Bendina yuleyule.
Nne nilizimaliza.
Kaizari kule chini ni mmoja,
hata pua haijachubuka.

Siku moja alitumwa vitunguu Subura, gunia zima.
Muuzaji akaing'ata sarafu, akaitia kisu ukingoni
aone kama moyo wake ni shaba,
akaitupa kapuni bila kumtazama
wala wa kwenye fedha
wala huyu aliyesimama mbele yake.
Alinisimulia akicheka.
Mimi sikujua nicheke wapi.

Halafu ile asubuhi Severo alisinzia.
Sarafu ikabaki juu ya fuawe,
akaweka kipande kingine juu yake, nami nikashusha.
Iliyotoka haikuwa na Kaizari.
Upande mmoja Bendina ametuna, kama kawaida.
Upande wa pili Bendina amebonyea,
kushoto kwake kumekuwa kulia,
shimo lenye umbo lake.

Kosa la namna hiyo hurudishwa motoni.
Nilihesabu, nikaandika pungufu moja,
nikausingizia moto, ambao hula kidogo kila siku
na haujaulizwa hata mara moja.

Ule upande uliotuna hakuutazama.
Alitia kidole gumba shimoni,
akakizungusha polepole kama mtu ajaribuye pete.
"Hapa," akasema, "ndipo nilipokuwa."

Jioni akapimwa, ufagio na vyote.
Mizani ilisema kweli,
lakini karani alikuwa anapiga miayo.