Chini ya Kizingiti

Risiti milioni tisa nimepewa nizichambue,
za mwaka mzima, za maduka yote ya kampuni,
kuanzia La Teja hadi Carrasco wanakomlipa mtu atembeze mbwa.
Bwana Wáshington Bentancor kaniambia: Zulma,
nitafutie vinavyoandamana kama chanda na pete.

Nikaanza na kimoja kimoja.
Chumvi mara ngapi, betri mara ngapi.
Kisichofika kizingiti huenguliwa,
na kikishaenguliwa, hata wanawe hawazaliwi:
kama siki ni adimu,
siki na mkate haziwezi kuwa nyingi kuliko siki,
siki na mkate na zeituni usihangaike kuzihesabu.
Ndiyo hekima yote ya kanuni hii, na ndiyo ukatili wake.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini nani alisema kibaba kina ukubwa gani?
Changu: risiti elfu tisini.

Mate yalijitokeza kila mahali,
si ya kinywani, ni yale majani machungu ya kunyonywa kwa mrija.
Anayenunua sabuni hununua mate.
Anayenunua misumari hununua mate.
Bwana Wáshington akafurahi, akataka rafu ya mate kando ya misumari.
Nikamweleza: Montevideo hii hata maiti angeagiza mate,
misumari haina habari.
Jua nalo huandamana na kila mwizi wa mchana.

Usiku mmoja wa Julai, upepo wa kusini ukigonga vioo,
nikashusha kizingiti. Udadisi tu.
Nusu asilimia. Robo. Chini zaidi.
Mashine ikaanza kuhema,
ruwaza zikamiminika kama kumbikumbi baada ya mvua,
nyingi kuliko risiti zilizozizaa,
nusura izimike.

Na ndani ya takataka ile, hii:
tikitimaji, mishumaa ya buluu, shanga nyeupe.
Risiti mia nne na kumi na mbili.
Kwa mwaka, si kitu.
Nikatazama tarehe.
Zote za siku mbili: Februari mosi, Februari pili.

Hapo nikajua ni akina nani.
Shangazi Elcira alikuwa mmoja wao,
mwalimu wa hesabu, na jioni moja kila mwaka
miguu mitupu ufukweni Ramírez, sketi imelowa hadi magotini,
anasukuma kimashua cha povu gumu
chenye tikitimaji lililokatwa na mshumaa unaokataa kuwaka.
Kwa Yemanjá, aliniambia, na usimwambie baba yako.
Kwa baba, hesabu na mizimu vilikuwa Lila na Fila.

Ningeweza kuripoti.
Mwisho wa Januari panga matikiti mlangoni,
mishumaa kando, pandisha bei ya shanga kidogo,
na bango: mama wa majini kashika kadi ya punguzo.
Bwana Wáshington angeniongezea mshahara. Simlaumu,
ana watoto watatu na paa linalovuja.

Nikakaa. Mate yangu yakapoa.
Kisha nikarudisha kizingiti kwenye asilimia moja
na watu mia nne na kumi na wawili wakazama taratibu
chini ya kuhesabiwa.

Asubuhi nikawasilisha: bia na mkaa, Ijumaa.
Viazi na unga, kila tarehe ishirini na tisa.
Akasema: haya si nilikuwa nayajua?
Nikasema: sasa unayajua kwa takwimu.

Februari ilipofika
nilinunua tikitimaji kwa yule kijana wa kona,
mishumaa kwenye duka la vyuma,
shanga kwa mama wa sokoni asiyetoa risiti.
Pesa taslimu. Vitu vitatu, milango mitatu.
Vilikutana kwa mara ya kwanza mikononi mwangu,
nimesimama majini,
na mshumaa, kama ule wa shangazi, ukakataa kuwaka.